Eda isiyo na siku: kusubiri kemo baada ya operesheni ya titi

Wiki ya tatu tangu mama mdogo arudi nyumbani Ngamiani, Tanga, na bandeji kifuani, wageni wake walikuwa wameshagawanyika makundi mawili. Wa kwanza walikuja na uji na sauti za chini, wakiamini kwamba madaktari wamemsahau: titi limetolewa, dawa haijaanza, ugonjwa unajijenga upya humo ndani. Wa pili walimshukuru Mungu. Kwao kinachoua ni kemo, ile dawa ya saratani ya kutiwa kwa dripu, wala si saratani yenyewe, na kila siku inayopita bila dripu ni ushindi. Yeye alikaa kati yao akisikiliza, mkono wa kushoto ameulaza juu ya mto. Usiku walipoondoka akaniuliza, "Mwanangu, eda ya kufiwa ina miezi minne na siku kumi. Hii yangu ni eda gani isiyo na siku?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilianza kulitafuta kesho yake, kwa kuuliza wauguzi na madaktari na kusoma kila nilichoweza kukipata. Nilichogundua ni kwamba siku zipo, ila hakuna aliyemtajia. Tena kile tunachokiita "kusubiri" ni mambo kadhaa yaliyosokotwa pamoja kama nyuzi za mkonge kwenye kamba. Uzi mmoja unamsaidia mgonjwa, mwingine hauna budi, mwingine ni hasara tupu. Ukiitazama kamba kwa mbali huwezi kujua umeshika uzi gani.

Dawa ya nini, na titi limeshatoka?

Hili ndilo swali la kwanza, na ni la haki. Daktari wa upasuaji amesema kingo ni safi, maana yake pale alipokata hakuacha saratani inayoonekana. Basi dripu za nini?

Mkulima yeyote wa Muheza anaijua ndago. Unalima, shamba linang'aa, unageuka kuondoka. Mvua ikinyesha, majani yanachomoza, kwa sababu vile viazi vyake vidogo vilibaki udongoni. Seli za saratani zinaweza kuwa zilishatoka kwenye titi na kusafiri kwa damu miezi mingi kabla ya siku ya operesheni, zikatulia kwenye mfupa, ini au mapafu. Ni chache mno na ndogo mno, hata ultrasaundi na CT haziwezi kuziona. Kisu hakizifikii. Dawa inayopita kwenye damu inazifikia.

Jambo hilo lilikuwa ubishi mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1976 daktari Mwitaliano, Gianni Bonadonna wa Milan, akachapisha matokeo ya wanawake 386 waliokuwa wamekatwa titi na kukutwa na saratani kwenye tezi za kwapani. Wengine walipewa mchanganyiko wa dawa tatu, wengine hawakupewa kitu. Baada ya miaka miwili na ushee, ugonjwa ulikuwa umewarudia wanawake 24 katika kila 100 ambao hawakupata dawa, na 5 tu katika kila 100 waliopata. Miaka ilivyozidi pengo lilipungua, lakini halikufungika. Kemo ya baada ya operesheni inasimama juu ya kazi ile mpaka leo, ingawa dawa zenyewe zimebadilika.

Lakini si kila aliyefanyiwa operesheni ya titi anahitaji kemo. Mwenye uvimbe mdogo, tezi safi, na saratani inayolishwa na homoni anaweza kutosheka na vidonge, kama tamoksifeni, kwa miaka 5 au zaidi. Wengine walipewa kemo kabla ya operesheni ili kuupunguza uvimbe, na sasa wanasubiri mionzi au dawa nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla hujauliza "lini", uliza hivi: ninasubiri kemo, au ninasubiri kuamuliwa kama nitahitaji kemo? Mama mdogo alikuwa anasubiri la pili huku akilia kwa ajili ya la kwanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia tofauti.

Kidonda kwanza

Uzi wa kwanza wa kusubiri ni mwili wenyewe. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani hugawanyika haraka, lakini vivyo hivyo za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na utumbo, za uboho unaotengeneza damu, na zile zinazoziba kidonda. Ukimpa mtu kemo wiki moja baada ya kushonwa, unaweza kukifungua kidonda na wakati huohuo kuzishusha chembe nyeupe za damu, ambao ndio askari wake. Usaha unaoingia wakati askari wamelala si usaha wa kawaida.

Ndiyo maana wiki tatu za mwanzo, kwa wengi, si uzembe wa mtu. Mpira unaotoa maji kifuani unatakiwa uondoke. Madaktari wengi huutoa yanapopungua hadi chini ya mililita 30 kwa saa 24, kwa hiyo daftari la kuandika maji ya kila siku lina kazi. Mpira ukishatoka, maji yanaweza kujikusanya tena chini ya ngozi, yakavutwa kwa sindano. Yanaudhi, lakini hayamaanishi saratani imerudi. Ganzi upande wa ndani wa mkono wa juu nayo ni ya kawaida, kwa sababu mishipa ya fahamu inayopita kwapani huguswa wakati wa kutoa tezi. Mazoezi ya mkono yanatakiwa yaanze mapema kwa kadiri utakavyoelekezwa. Mama mdogo alikuwa akitembeza vidole ukutani kama kaa, kila siku akiweka alama ya penseli pale vilipofika. Ukuta ule haujapakwa rangi mpaka leo.

Yapo yasiyosubiri tarehe ya kliniki: homa, kidonda chekundu kinachochemka au kutoa usaha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kupumua kwa shida. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Safari ya kipande cha nyama

Sasa uzi ambao familia nyingi hazijui hata kama upo.

Nyama iliyotolewa haitupwi. Inapelekwa maabara ya patholojia, na ni majibu yake, kuliko macho ya daktari, yanayoamua dawa gani itumike. Kwanza inatumbukizwa kwenye formalini, dawa inayoizuia isioze. Miongozo inataka iingie humo ndani ya saa 1 tangu kutolewa mwilini, na ikae kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Titi zima likitumbukizwa bila kuchanwa, formalini hailifikii katikati, na huko katikati mara nyingi ndiko uvimbe uliko. Nyama iliyocheleweshwa kwenye joto letu la pwani inaweza kutoa jibu la uongo: kipokezi, yaani alama ya kwenye seli inayoonyesha dawa gani itafaa, kilikuwepo, kipimo kinasema hakipo.

Nasimulia haya kwa sababu kopo lile nililibeba mimi. Ndivyo inavyokuwa sehemu nyingi: ndugu anakabidhiwa kopo na karatasi, anaambiwa peleka. Nililipakata kwenye gari kama mtoto mchanga, nikimwomba Mungu dereva asipige breki. Kama na wewe utakabidhiwa, hakikisha maji yameifunika nyama yote, kifuniko kimekaza, na juu yake pameandikwa jina, upande wa titi, tarehe na saa iliyotolewa.

Maabara, nyama hukatwa vipande, hukaushwa maji, huzamishwa kwenye nta ya moto, kisha hukatwa tabaka nyembamba za maikroni 4 hivi. Uchukue unywele mmoja uupasue mara ishirini kwa urefu, hapo ndipo utaukaribia wembamba huo. Tabaka zinabandikwa kwenye vioo, zinatiwa rangi, na mtaalamu anazisoma kwa hadubini. Hatua hiyo peke yake ni ya siku kadhaa, kama kila kitu kipo.

Kisha vinafuata vipokezi. Vya homoni ni viwili, cha estrojeni na cha projesteroni. Cha tatu ni protini inayoitwa HER2. Vikiwepo vya homoni, mgonjwa atapata vidonge vya kuizuia homoni, kwa kawaida baada ya kemo. HER2 ikiwa nyingi kuna dawa yake, trastuzumabu, ambayo hutolewa kwa mwaka mmoja. Vyote vitatu visipokuwepo, kemo ndiyo silaha kubwa, na ucheleweshaji una gharama zaidi. HER2 hupewa alama kutoka 0 hadi 3+, na hapa panawachanganya watu. Alama ya 2+ maana yake ni "bado hatujui", si "wastani". Inadai kipimo kingine, na kipimo hicho kinadai wiki nyingine na pesa nyingine.

Kwenye karatasi ya majibu utakuta pia namba kama 3/15. Jirani yetu mmoja aliisoma akadhani ni miezi aliyobakiza. Ni hesabu ya tezi: kwapani zilipatikana tezi 15, na 3 kati yake zina saratani. Basi.

Tuliambiwa majibu yatachukua kama wiki tatu. Tukangoja tupigiwe simu. Siku ya 30 tangu operesheni nikachoka, nikaenda mwenyewe. Karatasi ilikuwa tayari tangu siku tisa nyuma, imelala kwenye faili pamoja na nyingine nyingi, ikisubiri mtu wa kuichukua. Sisi tukiisubiri, yenyewe ikitusubiri. Sitaji ni wapi, maana nimeshasikia kisa hichohicho kutoka kwa watu waliopitia kwingine. Nikiombwa neno moja na anayeanza njia hii, ni hili: usingoje kupigiwa. Siku ya kupeleka kopo chukua namba ya kipimo, uliza tarehe, na tarehe ile ikifika uwe mlangoni. Uombe nakala yako. Tena uulize kipande cha nta na vile vioo vinahifadhiwa wapi, kwani huko mbele wanaweza kuvihitaji kwa kipimo cha ziada, na kuvitafuta baada ya miezi ni kazi nyingine.

Damu, moyo, meno

Vipimo vya kuuandaa mwili vinachosha lakini ni vya haraka. Picha kamili ya damu, ini na figo, kwa sababu hivyo viungo ndivyo vitakavyoisafisha dawa mwilini. Kipimo cha moyo cha eko, kwa sababu doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, na ile trastuzumabu zinaweza kuudhoofisha moyo. Homa ya ini aina ya B, kwa kuwa kemo inaweza kuiamsha iliyolala. VVU pia, na ukikutwa navyo haina maana unanyimwa kemo, ARV zinaendelea. Kipimo cha mimba kwa aliye na umri wa kuzaa. Jino bovu litazamwe mapema, maana jino hilohilo linaweza kuwa mlango wa maradhi chembe nyeupe zikishuka. Urefu na uzito vinapimwa kwa sababu dozi hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili.

Vingi kati ya hivi vinaweza kufanywa huku kidonda kikipona na maabara ikisoma vioo. Mimi naona hapa ndipo siku nyingi zinapopotea bure: tunavipanga kimoja nyuma ya kingine, kama foleni ya maji, kumbe vingekwenda sambamba.

Barabara ya Segera

Halafu kuna uzi usioandikwa kwenye faili lolote. Kwa wagonjwa wengi wa Tanga, kemo maana yake ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye yale majengo yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na yakafanywa taasisi kisheria mwaka 1996. Wengine huelekea Moshi, hospitali ya KCMC. Njia zote mbili hupitia Segera, na ni za kilomita kama 350 kwenda tu.

Piga hesabu. Mpango mmoja wa kawaida wa kemo ni dripu nne za dawa mbili, doksorubisini na siklofosfamaidi, kisha nne za dawa ya tatu, paklitakseli, kila moja baada ya siku 21. Safari nane. Kilomita 5,600 kwenda na kurudi, ambazo ni karibu mara tano ya njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kwa mwanamke ambaye juzi tu alikuwa amebeba mpira kifuani. Paklitakseli ikipangwa kila wiki, mara kumi na mbili, basi hapo husemi tena safari, unasema kuhamia kwa ndugu. Na ndugu wa Dar anapokea wageni wa siku tatu kwa furaha zaidi kuliko wa miezi mitatu. Zungumza na daktari mapema kuhusu mpangilio, kwani zipo ratiba zaidi ya moja, na anayejua kwamba unatokea Tanga anaweza kulizingatia hilo.

Nauli, malazi, barua ya rufaa, kibali cha bima, mtu wa kuwaangalia watoto: haya ndiyo yanayozigeuza wiki sita kuwa miezi minne. Familia nyingi huanza kuyafikiria baada ya kupewa tarehe. Yaanze siku ya kutoka wodini. Mpango wa saratani ya matiti wa Shirika la Afya Duniani, ulioanzishwa mwaka 2021, una lengo kwamba angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe matibabu waliyopangiwa. Kukamilisha, maana kuanza dripu moja kisha nauli ikakata ni janga la aina yake.

Dokezo nililopewa na mgonjwa mwenzake, kwenye benchi: kabla ya kila dripu damu hupimwa, na chembe nyeupe zikiwa chini unarudishwa. Uliza kama unaweza kupima damu hapa Tanga siku mbili kabla na kutuma majibu, kuliko kufika Dar ukaambiwa rudi wiki ijayo.

Basi, siku ngapi?

Madaktari wengi wa saratani hupenda kuanza kati ya wiki ya 3 na ya 6 baada ya operesheni. Kuhusu mwisho wa uvumilivu, upo utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2016, uliofuatilia rekodi za wanawake zaidi ya 24,000. Walioanza ndani ya siku 30, 60 au hata 90 hawakutofautiana kwa kiasi cha kutisha. Waliovuka siku 90 ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi: hatari ya kufa iliongezeka kwa takribani theluthi moja, na kwa wenye saratani isiyo na kipokezi chochote iliongezeka kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni theluthi ya hatari iliyokuwepo, si theluthi ya wagonjwa wote. Wasambazaji wa ujumbe wa simu hawalitofautishi hilo.

Na utafiti wa namna ile unatazama tu yaliyotokea. Waliochelewa sana mara nyingi walikuwa na shida nyingine pia, umaskini, maradhi mengine, umbali. Kwa hiyo siku ya 91 si mlango unaofungwa kwa kufuli. Aliyechelewa aende, na daktari ataamua naye. Lakini ukiwa wiki ya 4 na kidonda kinapona vizuri, huna sababu ya kukesha. Ukiwa wiki ya 7 na hujui unasubiri nini, huna sababu ya kunyamaza.

Nilimwandikia mama mdogo kwenye kalenda ya ukutani: siku ya operesheni nikaiita sifuri, siku ya 42 nikaizungushia wino wa bluu, siku ya 90 mwekundu. Akaitazama muda mrefu. "Afadhali," akasema. Tangu hapo wageni wakimuuliza alikuwa akiwaonyesha kalenda, hajibu.

Wageni hawakukosa la kusema. Mmoja alileta majani ya mstafeli. Hakuna utafiti kwa binadamu uliothibitisha kwamba yanaponya saratani, na mchemsho wa kila siku unaweza kuwa mzigo kwa ini linalotakiwa kuwa zima siku ya kemo. Mwingine alisema saratani ikiguswa na kisu inatawanyika. Wanaosema hivyo huwa wamewaona watu waliofika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatawanyika, wakapasuliwa, wakafa. Lawama ikamwangukia wa mwisho kugusa. Kombe alikunywa, na dua zilisomwa, na katika hayo sikuona ugomvi wowote na dripu, maadamu hayakuhamisha tarehe.

Majibu yaliposomwa ikaamuliwa kwamba anahitaji kemo, na tarehe ya dripu ya kwanza ilikuwa siku ya 41. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi ya Kange, yeye na kikapu chenye chapati, ndimu na khanga mbili, mimi na bahasha ya majibu ambayo sikuiachia hata kwenda chooni. Njiani nilimweleza kila nilichokijua: nywele zitaanza kudondoka baada ya wiki mbili au tatu, chembe nyeupe zitashuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, joto likifika 38 hatulali nyumbani. Alipomaliza dripu tukaenda kwa ndugu, Temeke. Usiku akaniita kutoka uani kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Njoo uone. Mkojo mwekundu kama rozela. Mbona hili hukunambia?"

Dawa yenyewe ni nyekundu, mama, nikamwambia. Doksorubisini inatoka na rangi yake. Kesho au keshokutwa itaisha. Nilisahau.

Akanyamaza kidogo, akijifunga khanga vizuri. Kisha akauliza ya pili ni tarehe ngapi, nikaanza kumhesabia siku 21 kwa vidole.